Kipimo Kilichofuatana na Mfanyakazi Hadi Nyumbani

Pumu ina tabia ya kumwumbua mgonjwa mbele ya daktari. Usiku kucha kifua kimebana na kinapiga miluzi, mtu ameketi kitandani akitafuta hewa. Kunapambazuka, anafika hospitali, daktari anamsikiliza mgongoni na hasikii kitu. Aliyeugua kwa sababu ya kazi yake hupatwa na balaa hili mara mbili, kwa kuwa ili aende hospitali lazima aombe ruhusa, na siku ya ruhusa ndiyo siku asiyovuta vumbi wala moshi wa kiwandani. Anapimwa akiwa na nafuu, anaambiwa ni mzima, anarudi kazini kuugua upya.

Kwamba zipo kazi zinazoleta pumu ni jambo la kale. Kilichowashinda madaktari kwa muda mrefu ni kuthibitisha kwamba mtu huyu, katika kiwanda hiki, anaugua kwa sababu ya kazi hii. Uthibitisho ulipatikana kwa hatua ndogondogo, katika miji kadhaa ya Ulaya, na hatua ya mwisho ilikuwa rahisi kuliko zote: kumwamini mfanyakazi na kumpa kipimo mkononi.

Mwaka 1700, katika mji wa Modena nchini Italia, daktari Bernardino Ramazzini alichapa kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Aliingia alikofanyia kazi fundi, mwoka mikate, mchimba vyoo na mpepeta nafaka, akatazama na kuuliza. Aliandika kwamba waoka mikate huvuta unga hadi wakakohoa, wakakaukiwa sauti na kupata pumu, na kwamba wapepetao na kupima nafaka huwashwa koo na macho na kubanwa kifua. Tangu zamani madaktari walimwuliza mgonjwa maswali mengi kuhusu mwili wake. Ramazzini aliongeza moja: unafanya kazi gani? Aliwataka madaktari wenzake wasione aibu kuketi kwenye kigoda katika nyumba ya fukara na kulisubiri jibu.

Jibu hilo lilikuwa maneno matupu, na maneno ya maskini hayakuwa na uzito mbele ya mwajiri wala hakimu. Namba za pumzi zilikuja karibu karne moja na nusu baadaye. Katika miaka ya 1840, John Hutchinson, daktari wa Uingereza, alitengeneza spirometa: pipa la maji lenye kengele ya chuma iliyofunikwa ndani yake na kuning'inizwa kwa uzito uliolingana nayo. Mtu alivuta pumzi hadi mwisho, akapuliza katika mrija, kengele ikapanda, na kiasi cha hewa kikasomwa kwenye mstari wa namba. Mwaka 1846 alitoa matokeo ya watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, askari polisi, wazima moto, mafukara na mabwana wakubwa. Alionyesha kwamba ujazo wa pumzi huongezeka kadiri mtu anavyokuwa mrefu, na kwamba kifua kigonjwa huweza kujulikana kwa kupungua kwake.

Spirometa ya Hutchinson ilipima wingi wa hewa. Pumu huathiri zaidi kasi yake. Mgonjwa wa pumu anaweza kuwa na hewa nyingi mapafuni, lakini misuli iliyozunguka njia za hewa imekaza, kuta zake zimevimba, ute umejaa, na hewa hutoka kwa shida. Ilibidi mtu afikirie kupima muda. Mwaka 1947 Robert Tiffeneau wa Ufaransa alipendekeza kutazama hewa anayoweza mtu kuitoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza kwa nguvu, na kipimo hicho ndicho msingi wa spirometa za hospitali hadi leo.

Katika miaka hiyohiyo, viwanda vya pamba vya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, vilikuwa vikifundisha somo lingine. Wafanyakazi wa chumba cha kuchambulia nyuzi, kilichokuwa na vumbi kuliko vyote, walilalamikia Jumatatu. Jumapili walipumzika, Jumatatu wakaingia kazini wazima, na kufikia alasiri kifua kilibana kama kimefungwa kamba. Jumanne ilikuwa afadhali, na kuelekea mwisho wa juma dalili zilipungua. Miaka ilivyopita, Jumatatu ilivamia siku nyingine hadi mtu hakubaki na siku njema. Daktari Richard Schilling aliyachukua malalamiko hayo kwa uzito na kuyapanga kwa madaraja. Mwaka 1958 yeye na wenzake, akiwemo Colin McKerrow, walichapisha vipimo vya pumzi vilivyochukuliwa kwa wafanyakazi wa pamba katika saa mbalimbali za siku ya kazi. Pumzi ilishuka kadiri saa za zamu zilivyosonga. Ikawa dhahiri kwamba kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa ugonjwa ulijificha katika tofauti ya asubuhi na jioni, na ya siku ya kazi na siku ya mapumziko.

Lakini spirometa za wakati huo zilikuwa nzito na zilihitaji fundi wa kuziendesha. Hakuna aliyeweza kumpelekea mgonjwa mashine hiyo nyumbani saa tano usiku.

Aliyeondoa kikwazo hicho alikuwa Martin Wright, daktari mwenye mikono ya fundi. Alifanya kazi katika kitengo cha utafiti wa maradhi ya vumbi la mapafu katika hospitali ya Llandough, karibu na Cardiff, kilichoanzishwa kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe wa Wales. Huko walihitaji kuwapima watu wengi kwa haraka. Wright alibuni kifaa cha duara chenye ubapa mwepesi ndani, unaozuiwa na springi. Pumzi ikiingia kwa kishindo husukuma ubapa ukazunguka na kufungua mwanya wa hewa kutoka. Unapofika mbali kuliko pote hukwama hapo, na mshale kwenye uso wa kifaa huonyesha lita kwa dakika. Mwaka 1959 yeye na McKerrow walikieleza kifaa hicho katika jarida la madaktari wa Uingereza. Kilipima jambo moja tu: kasi ya juu kabisa ya pumzi mtu anapopuliza kwa nguvu zake zote.

Baadaye, katika miaka ya 1970, Wright alikipunguza. Kipimo kidogo ni bomba la plastiki lenye urefu wa kutosha kushikwa mkononi, lenye ufa uliochorwa namba pembeni na kidude kinachosukumwa na pumzi. Hakina betri wala umeme. Mtu husimama, hurudisha kidude kwenye sifuri, huvuta pumzi hadi kifua kijae, hufumba midomo kuzunguka mdomo wa bomba, kisha hupuliza kwa mkupuo mmoja mkali. Hufanya hivyo mara tatu na kuandika namba kubwa kuliko zote. Mtu mzima asiye na ugonjwa mara nyingi hufikia lita 400 hadi 600 kwa dakika, kutegemea urefu, umri na jinsia. Kazi nzima haizidi dakika mbili.

Wakati vifaa vilipokuwa vikipungua ukubwa, sababu za pumu ya kazini zilikuwa zikiongezeka. Viwanda vilileta kemikali ambazo Ramazzini hakuziota. Wafanyakazi wa kusafisha madini ya platinamu walipata pumu kutokana na chumvi zake, jambo ambalo Donald Hunter na wenzake walilieleza mwaka 1945. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa zamu ya viwanda vya sabuni za unga, vilivyoanza kuchanganya vimeng'enya vya bakteria ili kuondoa madoa. Zilikuwepo pia isosianeti, kemikali za kutengenezea magodoro ya povu na rangi ngumu za kupulizia magari.

Katika hospitali ya Brompton, London, Jack Pepys, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, alitafuta uthibitisho kwa njia ya moja kwa moja. Alimwingiza mgonjwa katika chumba kidogo na kumwambia afanye kazi yake kama kawaida: amimine unga wa kemikali kutoka sinia hadi sinia, apake vanishi ubaoni, aunganishe nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa. Kisha pumzi yake ilipimwa kwa saa nyingi. Majaribio haya yalifunua jambo lililowapoteza njia wagonjwa na madaktari vilevile. Wengine walibanwa dakika chache baada ya kuvuta moshi, na hao walijua wenyewe kilichowadhuru. Wengine hawakuhisi lolote hadi saa kadhaa zipite. Walibanwa jioni, wakiwa wameshafika nyumbani, au katikati ya usiku. Hao walilaumu baridi, godoro, paka na jirani anayepika kwa mkaa. Kiwanda kilikuwa cha mwisho kushukiwa.

Jaribio la Pepys lilikuwa na nguvu, lakini lilikuwa na gharama. Lilihitaji kitanda cha hospitali kwa siku kadhaa, chumba maalumu na wataalamu wa kukesha, kwa sababu pumu iliyochokozwa kwa makusudi inaweza kuua. Hospitali zilizoliweza zilihesabika kwa vidole. Na ikiwa daktari hakuijua kemikali iliyomdhuru mgonjwa kati ya zote zilizomo kiwandani, hakujua ajaribu ipi.

Hapo ndipo alipoingia daktari kijana wa Brompton, Sherwood Burge. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwemo wafanyakazi wa viwanda vya redio na televisheni, wengi wao wakifanya kazi ya kuunganisha nyaya kwenye mabamba ya umeme. Risasi na bati vilivyotumika vilikuwa na kolofoni ndani yake, gundi inayotokana na utomvu wa msonobari, ambayo husafisha chuma ili risasi ishike. Ikipashwa moto hutoa moshi mweupe, na mfanyakazi aliyeinama juu ya bamba huuvuta usoni zamu nzima. Burge na wenzake, Ian O'Brien na M. G. Harries, waliwapa wagonjwa hawa, na wale wa isosianeti, kipimo cha Wright na karatasi, wakawafundisha kupuliza, kisha wakawaacha waende. Kazi yao ilikuwa kupima mara kwa mara tangu kuamka hadi kulala, siku za kazi na za mapumziko, kiwandani, nyumbani na likizoni, kwa majuma mfululizo. Mwaka 1979 walichapisha makala mbili zilizofuatana katika jarida la Thorax, moja kuhusu kolofoni na nyingine kuhusu isosianeti. Walipolinganisha daftari za wagonjwa na majaribio ya chumbani, daftari zilisimama. Zilieleza ukweli uleule, bila kitanda cha hospitali.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tuone grafu ya namna hiyo inavyosomwa. Jumapili jioni mtu amepuliza 480. Jumatatu anaamka na 460, anaingia zamu, mchana ana 430, jioni 400. Jumanne asubuhi hajarudi kwenye 460. Ameanza na 420. Kufikia Ijumaa jioni yuko 310, na anapanda ngazi kwa kupumzikapumzika. Jumamosi 340, Jumapili 400, na Jumatatu anaanza juma jipya chini ya alipoanzia juma lililopita. Akienda likizo ya majuma mawili, mstari unapanda polepole hadi 480. Anaporudi, unaanguka tena. Mtu wa pamba wa Lancashire aliumia Jumatatu na kupata nafuu kuelekea Ijumaa. Huyu anazama zaidi kila siku. Ukiiona karatasi hiyo huhitaji shahada ya udaktari kuuliza kuna nini ndani ya kile kiwanda.

Jambo la msingi kati ya waliyoyaona Burge na wenzake lilikuwa hili la kupona polepole. Kwa baadhi ya wagonjwa siku mbili za mwisho wa juma hazikutosha hata kidogo. Pumzi yao ilikuwa chini kazini na chini nyumbani, na daktari asiye na subira angesema kazi haihusiki kwa kuwa Jumapili ni sawa na Jumatano. Walipokaa mbali na kazi kwa muda mrefu zaidi, mwili ulikiri. Kwa hiyo daktari alihitaji kujua urefu wa mapumziko pamoja na namba zenyewe.

Sheria haikuchelewa sana. Mwaka 1982 Uingereza iliiingiza pumu ya kazini katika orodha ya maradhi yanayostahili fidia, kwanza kwa vitu vichache vilivyotajwa kwa majina. Fidia ilileta swali gumu: nani anasoma grafu, na je, wasomaji wawili watakubaliana? Burge, ambaye sasa alikuwa Birmingham, mji wa viwanda vya vyuma na magari, alitengeneza na wenzake programu ya kompyuta iitwayo Oasys. Programu hiyo hulinganisha siku za kazi na za mapumziko na kutoa alama kati ya 1 na 4, na inayozidi 2.5 huashiria kwamba kazi ndiyo chanzo. Katika uchunguzi wa kuithibitisha, iliwatambua kiasi cha wagonjwa 75 kwa kila 100, na kwa wasio na ugonjwa huo ilisema kweli kwa kiasi cha 94 kwa kila 100. Maana yake ni kwamba grafu ikionyesha kazi inadhuru, ina haki ya kuaminiwa. Ikishindwa kuonyesha, mlango haujafungwa bado.

Masharti yake ni mepesi kuyataja na magumu kuyatimiza. Vipimo viwe angalau vinne kwa siku, vizuri zaidi kila baada ya saa mbili, kwa muda wa majuma kama matatu, na siku za kazi na za mapumziko ziwemo zote. Dawa za pumu zisibadilishwe katikati. Mafua makali yaandikwe, kwa kuwa nayo hushusha pumzi. Kisha kuna uaminifu. Vilipokuja vipimo vya elektroniki vinavyohifadhi saa na namba vyenyewe, watafiti waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa waliandika namba ambazo hawakuzipuliza. Wengine walisahau na kujaza daftari kwa kukisia. Sioni hapo sababu ya kumdharau mfanyakazi. Anayeombwa kupuliza mara nane kwa siku mbele ya msimamizi wake, huku akijua jibu linaweza kumwachisha kazi, amebeba mzigo mkubwa, na ni wajibu wa daktari kumweleza kwa nini namba iliyokosekana ina thamani kuliko iliyotungwa.

Haraka ya kuthibitisha ina sababu. Huko Vancouver, Kanada, Moira Chan-Yeung aliwafuatilia wafanyakazi waliopata pumu kutokana na vumbi la mbao za mwerezi mwekundu. Kati ya walioacha kazi hiyo, takriban 40 kwa kila 100 walipona kabisa. Waliobaki waliendelea kuumwa miaka mingi baada ya kuondoka. Waliopona walikuwa wale waliotambuliwa mapema, kabla pumzi haijapungua sana. Kila mwaka wa kuambiwa "ni kifua tu, kitapita" hugeuza ugonjwa unaozuilika kuwa wa maisha. Na wagonjwa hawa si wachache. Makadirio ya wataalamu ni kwamba karibu 15 kati ya kila watu 100 wanaopata pumu ukubwani wameipata kutokana na kazi.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya habari hii. Mwaka 1978 jarida la Uingereza la tiba ya viwandani lilichapisha uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania kwa maswali na kwa spirometa, ukitafuta ugonjwa uleule wa Lancashire. Aliyewahi kusimama katika kiwanda cha mkonge, na hasa katika chumba cha brashi ambamo nyuzi kavu hupigwa hadi ziwe laini, anajua vumbi lile. Kuanzia mwaka 2011 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichapisha vipimo vya vumbi na vya pumzi kutoka viwanda vya kahawa vya Tanzania. Wasaga nafaka, waoka mikate, mafundi seremala, wapuliza rangi wa gereji na wasusi wanaoshinda na dawa za nywele wamo katika orodha ya wanaoweza kuugua.

Sheria zipo. Tanzania ina Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya fidia. Lakini sheria hungoja ushahidi. Mgonjwa anayepewa dawa ya kupuliza mdomoni na kurudishwa palepale penye vumbi hana ushahidi wowote. Anayeacha kazi kwa kukata tamaa kabla hajapimwa ameuacha ushahidi wake nyuma, kwa kuwa akishatoka hakuna cha kulinganisha. Ndiyo maana, kama hali yake si ya hatari, ni vizuri apime angali kazini.

Kwa hiyo kila zahanati iliyo jirani na kiwanda, shamba la mkonge au mtaa wa gereji inaweza kuanza na maswali mawili kwa mtu mzima yeyote mwenye pumu mpya: unafanya kazi gani, na siku za mapumziko au likizo unapata nafuu? Akijibu kwamba anapata nafuu, apewe bomba la plastiki na daftari, aonyeshwe jinsi ya kupuliza, na atakaporudi baada ya majuma matatu mtu aketi naye asome kila mstari. Ramazzini alikuwa na swali bila kipimo. Sisi tuna vyote viwili, na bei ya kipimo ni ndogo kuliko ya dawa atakazonunua mgonjwa maisha yake yote tukinyamaza.